Namna ya Kuandika Mpango Mkakati Usiokudai Kitu

Hongera kwa uteuzi, Mkurugenzi. Tuseme taasisi uliyopewa ni ya maji. Muda si mrefu wizara itauliza mpango mkakati wako wa miaka mitano uko wapi. Usihangaike, tupo.

1. Anza na hoteli. Ukumbi wa ofisini haufai, hauna posho ya kulala. Bagamoyo pazuri, lakini wa Dar es Salaam anaweza kurudi kulala kwake, na hapo mhasibu ataleta maswali. Nenda Morogoro: wa Dar anasafiri, wa Dodoma anasafiri, wote wanalipwa. Rais Magufuli alipoingia mwaka 2015 alizibana sana semina za hotelini, kwa hiyo neno “semina” usiliandike popote. Andika “kikao kazi”.

2. Dira usiitunge. Ya mtangulizi wako ipo kabatini na bado inanukia wino, maana hakuna aliyeifungua. Badilisha jalada, weka picha yako ukiwa umevaa kofia ngumu, kisha shughulikia kitu kimoja tu: mwaka. Hapa ndipo wenzako wengi huumbuka. Taifa lenyewe lina Dira ya 2050, yenye lengo la uchumi wa dola trilioni moja. Hiyo ina wenyewe, wewe iga umbali tu. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Chukua 60, toa umri wako, ongeza mitatu ya tahadhari. Lengo kubwa liangukie hapo. Siku likiulizwa, wewe uko shambani na kuku wako, na anayejibu ni kijana ambaye leo yuko kidato cha pili.

3. Chunga vitenzi. Ukiandika “kuchimba visima 12”, umejimaliza: mtu yeyote mwenye miguu atakwenda kuvihesabu, na diwani atakwenda na mwandishi wa habari. Andika “kuimarisha upatikanaji wa maji”. Nani atauhesabu uimara? Kuboresha, kuwezesha, kuhamasisha, kuhuisha, vyote ni vitenzi vya amani. Wakikulazimisha kuweka kiashiria cha namba, weka idadi ya vikao vya kuimarisha. Hicho utakifikia kwa asilimia 100, na robo ya nne utakivuka.

4. Walio chini yako nao wapimwe, ndiyo utaratibu. Enzi za OPRAS, iliyoanza 2004, fomu ya mwaka mzima ilijazwa Juni kwa kalamu moja. Sasa kuna PEPMIS ya mtandaoni. Gawa kazi iwe vipande vidogo: kupokea barua, kusoma barua, kujibu barua. Watu watatu, wote hodari.

5. Januari ikiingia, uwe mpole. Machi inapoisha CAG humkabidhi Rais ripoti ya ukaguzi, na baada ya hapo inasomwa bungeni, halafu magazeti yanaanza kutafuta majina. Mkaguzi akija, mpe chumba chenye kiyoyozi na mafaili mengi kuliko aliyoomba. Kila hoja ijibiwe hivi: “Tumeipokea, ipo katika hatua za utekelezaji.” Usitaje hatua ya ngapi.

6. Mwaka wa tatu, tafuta mshauri mwelekezi wa kufanya tathmini ya muhula wa kati. Atagundua kuwa mpango ni mzuri ila mazingira yamebadilika. Mlipe mapema.

7. Huenda jioni moja ukasikia kwenye redio kwamba uteuzi wako umetenguliwa na utapangiwa majukumu mengine. Usibishe na redio. Andaa taarifa ya makabidhiano, uandike kwa ujasiri: utekelezaji umefikia asilimia 80. Mrithi wako atakuja kugundua mwenyewe kwamba ile 20 iliyobaki ni maji.