Tochi Yataka Kujua Unalala Wapi

Sisi ni wasiri sana. Mshahara hata mke haujui, safari haitangazwi mpaka basi lifike, pazia linashushwa kabla taa haijawashwa. Kisha mtu anapakua programu ya tochi. Tochi! Inaomba majina yote ya kwenye simu, maikrofoni na mahali alipo, naye anabonyeza "Ruhusu" upesi kuliko anavyopokea simu ya mama yake.

Marekani waliyaona haya mwaka 2013. Tume yao ya biashara iliibana programu moja ya tochi iliyokuwa ikizipelekea kampuni za matangazo ya biashara mahali alipo mwenye simu. Tena ilianza kutuma kabla hajachagua kukubali au kukataa. Heshima kama hiyo!

Wajanja nao hujifungia kwenye hali fiche ya kivinjari. Hiyo humficha mtu kwa mkewe akishika simu (labda ndiyo shida yenyewe). Tovuti na kampuni ya intaneti zinaendelea kumwona. Kuzima ruhusa za programu kwenye mipangilio ni kazi ya dakika chache, ila nani ana nafasi, na jirani kanunua gari tusilojua bei yake?