Herufi H Imehama

Ukutani Dar es Salaam, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII AIUZWI OGOPA MATAPELI. H imekwenda wapi? Vuka barabara hadi mgahawani: HASANTE KWA KUJA. Imehamia huko, na kodi hailipi.

Nukta ndiyo kabisa haina makazi. Duka likiandika HATUKOPESHI KARIBU WATEJA WOTE, kila mdaiwa anajihesabu miongoni mwa wale wachache wanaokopeshwa, na sarufi inamtetea.

Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, lakini kopo la rangi analo fundi. (Naye hulipwa kwa bango, si kwa usahihi.)

Likija bango la mgombea, NAOMBA KULA ZENU, mhariri asiliguse. Hilo halina kosa.