Kesi ya Mbuzi na Kioo

Dirisha la sebuleni kwa Mwaitu, kule Kibwezi, lilikuwa limezibwa kwa katoni tangu Krismasi, nikajipa kazi ya kumletea kioo kutoka Kitui. Kibwezi vioo vipo, tena karibu na stendi. Lakini mtu hawezi kufika kwa mamake mikono mitupu.

Nilikifunga kwa blanketi, nikakisimamisha katikati ya magoti. Matatu ikapita Mutomo, nami nimekikumbatia kama mtoto mwenye homa. Karibu na Ikutha punda akavuka bila kuangalia, dereva akakanyaga breki, na ukingo wa kioo ukagonga jeki iliyolala chini ya kiti. Ti! Nikafunua blanketi. Kapengo kadogo tu, kama punje ya mtama, pembeni kabisa. Nikamshukuru Mungu.

"Hapa tukate," fundi wa Kibwezi akasema nilipomletea kioo, akipapasa pengo kwa kidole gumba.

"Kitapwaya. Si puti itaficha?"

Ikaficha, kwa siku tatu. Ya nne, saa saba mchana, tunakula muthokoi huku bati likilia kwa jua, tukasikia taa! Ufa ulikuwa umetoka ukingoni, ukapinda, ukatulia katikati ya kioo. Jirani akataja jicho baya. Mwaitu akamtazama mbuzi aliyesimama chini ya dirisha akitafuna. Mbuzi akafungwa kamba.

Fundi alikuja jioni, akabandua puti kwa ncha ya kisu. Ufa ulikuwa umeanzia palepale kwenye punje yangu ya mtama. Jua hupasha moto katikati ya kioo, kikatanuka. Ukingo uliojificha ndani ya fremu hubaki baridi, ukawa unavutwa. Kioo ukikibana kinavumilia. Kuvutwa ndiko kunakokishinda, na mvuto wote hurundikana kwenye ncha ya pengo. Mwingereza A. A. Griffith, wa kule Farnborough, aliyaandika haya mwaka 1921 baada ya kuvutavuta nyuzi za kioo hadi zikatike: kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba, ndivyo ulivyokaribia nguvu ambayo kioo kisicho na kasoro kingekuwa nayo. Fundi wetu hamjui Griffith, ila ufa ndio unaomlisha. Huchora mstari mmoja kwa kigurudumu kilichochovywa mafuta ya taa, akabonyeza, kioo kikakatika alipotaka yeye. Mimi nilichora wangu Ikutha, bila kulipwa.

Kioo cha pili alikinunua mwenyewe pale stendi. Alikisugua kingo zote kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa maji, taratibu, huku akinitazama kila akifika kona. Nikalipa bila kuomba punguzo.

Kisha nikamwambia Mwaitu sasa mbuzi afunguliwe, ushahidi umemsafisha.

Akamtazama kwa muda mrefu. "Mwache hapo hapo," akasema. "Hata kama hakukivunja, alikuwa anafikiria."