Bei ya Mkaa

Kwetu ni juu mlimani, Mwanza, kati ya yale majabali ambako bodaboda inakuacha barabarani na safari unaimalizia kwa miguu. Baba alipoanza kurudi jioni akijishika kifua, nyumba nzima ikageuka jopo la waganga.

Mama alisema ni kiungulia: mtu anakula ugali na maharage usiku, kisha analala papo hapo. Maharage yakapigwa marufuku, pilipili ikafuata, watoto wakazoea mchicha wa kuchemsha. Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Magu, alisema ni kichomi, akachemsha tangawizi na limao asubuhi na jioni. Mjomba, ambaye ni dereva wa lori, alisema ni misuli tu, akamchua kwa dawa iliyonukia hadi kwa jirani. Jirani naye akanong'ona kwamba kuna watu wana kijicho.

Baba alikunywa, akachuliwa, akakubali kila kitu ilimradi asiambiwe hospitali. “Yanapita haya,” alisema. Na kweli yalikuwa yanapita.

Aliyefumbua fumbo ni mdogo wetu wa kidato cha pili, ambaye hupandisha mlima pamoja na Baba akitoka shule. Jioni moja, Mama akikata mchicha, mtoto akasema: “Mama, kwani Baba anataka kununua mkaa? Kila siku tukifika pale kwa mama muuza mkaa anaweka mfuko chini, anauliza bei. Hanunui. Akishapumzika kidogo tunaendelea.”

Mama akaweka kisu chini. Akamhoji mtoto taratibu. Anajishika kifua hapo? Ndiyo. Asubuhi mkishuka je? Hapana. Jumapili akiwa amekaa? Hapana. Na siku akibeba dumu la maji? Siku hiyo anasimama mara mbili.

Majibu hayo yalikuwa na uzito zaidi kuliko yote yaliyokwisha kusemwa kikaoni. Kiungulia hufuata chakula na kulala, na mara nyingi huacha uchachu kooni. Kichomi cha homa ya mapafu huja na homa na kikohozi, na huchoma ukivuta pumzi ndefu. Maumivu ya misuli mara nyingi utayapata ukipabonyeza mahali penyewe. Maumivu ya Baba yalifuata mlima na mzigo, yakaondoka kwa kusimama. Hiyo ndiyo sura ya moyo unaonyimwa damu: mishipa inayoulisha imezibwa kiasi na mafuta, damu inatosha mtu akiwa ameketi, haitoshi akipanda. Madaktari huiita hali hiyo anjaina. Kwa hiyo kupita kwake haraka si habari njema hata kidogo. Kinachopasa kuangaliwa ni yanakuja lini na yanaondoka kwa nini, zaidi ya ukali wake.

Usiku ule Baba alibanwa, na hatimaye akasema la moyoni: ada ya shule haijakamilika, na akiingia hospitali hatatoka na hata senti.

“Baba watoto,” Mama akamjibu, “ukianguka pale kwenye mkaa, ada ataimaliza nani?”

Shangazi hakusema neno. Alifungua fundo la khanga, akaziweka noti mkekani. “Kaka, kesho asubuhi.”

Hospitali walimlaza kitandani, wakambandika nyaya za kupima umeme wa moyo. Kipimo kikatoka safi. Baba akaanza kufunga vifungo vya shati, uso umemkunjuka. Mama hakuinuka. “Daktari, naomba umuulize habari ya mkaa.”

Daktari alipoisikia, akamrudisha Baba kitini. Alieleza kwamba kipimo kinachochukuliwa mtu akiwa amelala, bila maumivu, kinaweza kuwa safi na mishipa bado ikawa imeziba. Maelezo ya mgonjwa nayo ni kipimo. Presha ilikutwa juu. Baba akaandikiwa dawa za presha, aspirini ndogo ya kila siku, dawa ya kupunguza mafuta, na ya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Akapewa pia rufaa ya kupimwa moyo ukiwa kazini.

Tangu hapo nyumbani tuna sheria, na Mama huihubiri kwa kila anayepiga hodi. Maumivu ya kifua yanayokuja ukijituma na kuondoka ukipumzika, nenda ukaonwe na daktari ndani ya siku hizihizi, usingoje mwisho wa mwezi. Yakianza kuja mara kwa mara zaidi, au kwa kazi ndogo kuliko zamani, nenda leo. Yakija umekaa, yakipita robo saa, yakisambaa mkononi, tayani au mgongoni, au yakiambatana na jasho la baridi, kutapika au pumzi kukata, tafuta usafiri sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Na kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, moyo unaweza kulalamika kwa uchovu wa ghafla na kichefuchefu tu, kifua kisiume sana. Hapo kikao hakiitishwi, tangawizi haichemshwi, na habari ya hela itazungumzwa mgonjwa akiwa tayari mikononi mwa daktari.