Bei Imekatwa, Simu Pia

Kibodi ya wacheza gemu: jana shilingi 9,000, leo 3,499. Hiyo jana ilikuwa lini, na nani aliinunua? Usiulize sana. Aliyeandika bei ya zamani ndiye huyohuyo aliyeipigia mstari mwekundu.

Bodaboda anakufikishia hadi mlangoni. Taa zinawaka kijani, zambarau, bluu. Ila W haibonyezeki. Kwa mcheza gemu, W ndiyo miguu. Bila hiyo shujaa wako anasimama wima kama mlinzi wa benki huku akimiminiwa risasi. Unampigia muuzaji. Anauliza kwa upole, "Boksi umelifungua, bosi?" Umelifungua. Basi pole, iliyofunguliwa hairudi. Nadhani ulitakiwa kuinusa kasoro ukiwa nje ya kadibodi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaoridhisha, na fidia endapo kasoro zake zitamtia hasara. Habari hizo hazijaifikia risiti yako. Pale chini, kwa herufi za kusomwa na vijana tu, imeandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Uingereza, kwa kawaida, aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kughairi tangu apokee mzigo, hata kama kibodi ni nzima na yeye amezichoka taa zake tu. Huku kwetu anayeghairi ni muuzaji: ukimpigia mara ya pili, hapatikani.