Kabla Hujachovya Brashi: Mwongozo wa Kuichora Goma

Kopo la nyekundu lifunge kwanza. Mkono unakuwasha, najua. Karibu kila anayekuja Goma, mashariki mwa Kongo, na brashi, kamera au kalamu huanzia hapo, kwa sababu mlima unawaka usiku na taarifa za habari zimeshamwambia rangi ya kutegemea kabla hajafika mjini. Nyekundu utaitumia, nayo haitakosekana. Ila mwongozo huu una sharti moja litakalokusumbua hadi mwisho: kila rangi utakayoiweka kwenye picha ya mji huu iwe na anwani. Iwe na mtaa, iwe na mwaka, iwe na mwenyewe. Rangi isiyo na mwenyewe ni pambo, na Goma imepambwa na wapita njia kiasi cha kutosha.

Anza na nyeusi, na usiende kuinunua dukani kabla hujaitazama chini ya viatu vyako. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, uko kilometa zisizofika 20 kaskazini ya mji. Lava yake ina silika kidogo mno, ndiyo maana hushuka kama uji mwepesi na kufika mbali kabla haijaganda. Ikiwa na moto mkali huwa na manjano ndani yake, ikipungua joto huwa nyekundu, na ikianza kuganda gamba la juu huwa jeusi. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia katikati ya mji, ikafukia eneo la biashara, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na upande wa kaskazini wa njia ya ndege, kisha ikaendelea mpaka ziwani. Watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa maelfu. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, jiwe likiwa bado linafuka moshi.

Mchoraji mvivu huishia hapo: mji uliofukiwa, nyeusi ya msiba. Wewe baki. Kilichofuata ndicho kinachokuhusu. Watu walishika nyundo na mitarimbo, wakalivunja jiwe lile lile lililofunika nyumba zao, wakalijengea kuta mpya juu ya zile za zamani. Nyumba za mbao zilisimamishwa juu ya lava, kwa kuwa mbao ni nyepesi na haziombi msingi wa kuchimba. Kwa hiyo nyeusi ya Goma ni rangi ya kujengea. Ukiipaka kama rangi ya matanga peke yake, unamnyang'anya fundi kazi yake.

Sogea karibu na ukuta mmoja wa mtaa wa Himbi, usimame hatua moja tu kutoka jiwe. Utaona vitobo vidogo vilivyoachwa na gesi wakati lava inaganda, na ndani ya vitobo hivyo vumbi la kahawia. Kati ya jiwe na jiwe kuna mstari wa saruji, wa kijivu, na mwenye nyumba anayejipenda ataupaka chokaa ili kila jiwe lionekane limekatwa kwa makusudi. Asubuhi baada ya mvua, jiwe lina mng'ao wa buluu. Saa saba mchana limekauka na kugeuka kijivu cha moshi. Utahitaji nyeusi tatu, si moja. Ukitoka nje ya mji utahitaji ya nne: lava ya Januari 1977 imeshaota ukoga na majani madogo, ile ya 22 Mei 2021, iliyosimama Buhene karibu na uwanja wa ndege, bado ina ukali wa jiwe jipya. Mwenyeji huzitenganisha kwa macho. Jifunze naye.

Kisha tazama siku ya kufua. Vitenge hutandazwa juu ya mawe hayo, kwa sababu jiwe jeusi hunasa joto na nguo hukauka upesi. Chungwa juu ya nyeusi, zambarau juu ya nyeusi, kijani cha ndizi mbichi juu ya nyeusi. Hakuna chuo cha sanaa kitakachokufundisha zaidi ya hapo namna rangi moja inavyoinua nyingine.

Rangi ya njano ni rahisi, nayo inabebwa mgongoni. Ni bidoni la lita 20, lile lililokuja na mafuta ya kula na sasa linakwenda kuchota maji. Goma iko kando ya Ziwa Kivu lenye maji yasiyopimika, na bado mabomba hayafiki kila mtaa, hivyo mabidoni hupanda kutoka ufukweni kila alfajiri, kwa vichwa, kwa migongo, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yamefungwa kumi au zaidi kwa kamba ya mpira. Ukikaa na daftari pale Kituku bila kuyachora, usishangae dada mmoja akikuambia, "Yaya, na bidoni je? Hiyo ndiyo tunabebaka kila siku." Ana haki. Mpe njano yake, na uipake ikiwa imechubuka, maana bidoni lisilo na mchubuko halijafanya kazi.

Chukudu lenyewe acha na rangi ya mbao. Kwenye mzunguko wa barabara mjini kuna sanamu yake iliyopakwa dhahabu, na mimi naipenda sanamu ile, kwa sababu ni mara chache mji wowote humpa mbebaji mizigo rangi ya mfalme. Lakini dhahabu ni ya sanamu. Anayesukuma magunia ya viazi na makaa kutoka Kibumba huendesha mti uliochongwa kwa panga, na magurudumu yaliyozungushiwa mpira wa tairi kuukuu. Ukimpaka dhahabu na yeye, utaficha jasho lake.

Hapa kuna rangi nyingine usizoweza kuzipuuza, na hizi si za kuchagua: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ndizo ngazi za tahadhari za volkano, kutoka hali ya kawaida hadi hatari yenyewe, na zimewekwa kwenye mabango mjini ili hata asiyesoma ajue. Goma imekaa kwenye njano muda mrefu kiasi kwamba watoto wamekulia humo. Ukichora mtaa wenye bango hilo, hakikisha unajua lilikuwa na rangi gani siku hiyo. Kosea hapo na picha yako itazua taharuki.

Sasa kijani. Milima ya Masisi ni ya kijani, Rutshuru ni ya kijani, sombe, majani ya muhogo, ni ya kijani, na utashawishika kufikiri hiyo ndiyo kazi nyepesi. Kabla hujaamini, msikilize Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, aliyeifanya Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, iwe ya waridi. Alitumia filamu ya Kodak Aerochrome, aina iliyotengenezwa kwa matumizi ya kijeshi. Siri yake ni hii: jani hai hurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu haliuoni, na filamu hiyo huugeuza kuwa nyekundu au waridi. Turubai lililopakwa kijani, au tawi lililokatwa na kunyauka, halirudishi mwanga huo vilevile. Basi mchambuzi aliyetazama picha zilizopigwa kutoka juu aliweza kutenga msitu na adui aliyejifanya msitu. Mosse alikuja nayo mashariki mwa Kongo, na mwaka 2013 kazi yake, The Enclave, ikaonyeshwa Venice katika banda la Ireland: vilima vya waridi, askari wenye bunduki ndani ya majani ya waridi, kambi, miji.

Nimeitazama kazi hiyo mara nyingi, na nampa haki yake. Alilazimisha watu waliochoka kutazama vita vya Kongo watazame tena, na alionyesha kwamba kijani tulivu kinaweza kuficha mtu mwenye silaha. Hata hivyo filamu ile haikuwa na namna ya kumjua mwenye shamba. Mtama wa mama aliyekimbia na kichaka cha mwasi vilitoka waridi sawasawa. Ndipo nasema: ukikitumia kijani, kigawe. Kuna kijani cha maharagwe yaliyopandwa na mtu ambaye hajarudi kuvuna. Kuna kijani cha sare za walinzi wa hifadhi ya Virunga. Kuna Lac Vert, ziwa dogo ndani ya mdomo wa volkano iliyolala magharibi ya mji, lililopewa jina kwa rangi yake, na ambalo kando yake palikuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert na kuua watu, wakiwemo watoto. Kijani hicho kina tarehe. Kiandike nyuma ya turubai.

Kama picha yako ni ya historia, hakiki bendera kwanza. Wachoraji wengi huanguka hapa, kwa sababu nchi hii imebadilisha kitambaa mara nyingi. Kwa Mfalme Leopold wa Pili na kwa Ubelgiji baada yake: buluu yenye nyota moja ya njano katikati. Tarehe 30 Juni 1960: buluu, nyota kubwa katikati, na sita ndogo kando kwa mikoa sita. Mwaka 1963 ukaja mkanda mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 Mobutu akaleta Zaire na kijani, duara la njano, na mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 buluu ya nyota sita ikarudi. Katiba ya 2006 ikaweka buluu ya mbingu, nyota ya njano pembeni, na mkanda mwekundu uliozungushiwa njano: amani, utajiri, na damu ya mashujaa. Kwa hiyo ukimchora mama anauza maharagwe Birere mwaka 1980 na bendera ya buluu ikipepea nyuma yake, hata mjukuu wake atakucheka.

Aliyelijua hili kuliko wote alikuwa Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi kwa picha 101, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati huo. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na naamini alikuwa hivyo. Vitambaa vyake vilikuwa vya bei ya chini, rangi zake zilikuwa chache. Katika picha za aina ya Colonie belge, zilizotundikwa sebuleni mwa watu wa Katanga miaka ile, mfungwa amevaa njano yenye mistari myeusi na anapigwa kiboko mbele ya ofisa, bendera ya Ubelgiji ikiwa juu. Nyeusi, njano, nyekundu: ukiangalia vizuri, bendera imewekwa juu ya mlingoti na pia juu ya mgongo wa mtu. Sijui darasa la historia linaloweza kusema hivyo kwa haraka zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea na habari zake zikakatika.

Nyeupe ya magari ya Umoja wa Mataifa na buluu ya helmeti zao zipake kwa uaminifu: ziko mjini tangu enzi za ujumbe wao wa MONUC, na Julai 2022 waandamanaji waliingia kwenye kambi yao hapa hapa Goma. Paka gari lenye vumbi jeusi hadi kwenye kioo. Paka pia nyeupe ya mashiti ya plastiki kwenye kambi za wakimbizi za Bulengo na Kanyaruchinya, ambayo kwa mbali ilionekana kama theluji na kwa karibu ilikuwa na majina ya watu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

Sasa fungua nyekundu.

Iko ile ya usiku, mwanga wa lava unaopaka mawingu juu ya Nyiragongo. Mgeni huogopa akiiona. Mtu wa mtaa wa Majengo huitazama kama taa ya jirani, na huanza kuuliza maswali inapozimika ghafla. Ipake bila kelele. Iko nyekundu ya udongo wa Masisi kwenye viatu vya aliyetembea siku mbili kuja mjini. Na iko ile ya damu, ambayo hutaipaka kwa ujumla. Hakuna "damu ya Kongo." Kuna ya 3 Mei 2024. Kuna ya siku za mwisho za Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na maiti zikalala barabarani. Ukiipaka, jiulize ni ya nani, ilimwagika mtaa gani, na nani alibaki kuifuta. Usipoweza kujibu, rudi ukaulize, au acha sehemu hiyo ya turubai wazi.

Picha ikikauka, usiipeleke ng'ambo kwanza. The Enclave ilianza Venice, na picha zile za Tshibumba ziko Amsterdam, ambako mtu wa Katanga huzifikia kwa viza. Wewe itundike hapa: kwa kinyozi wa mtaa wa Katindo, kwenye ukuta wa Foyer Culturel, au kwa vijana wa Yole!Africa, kituo alichokianzisha Petna Ndaliko Katondolo ili watoto wa mji huu wajipige picha wenyewe. Kaa pembeni na makopo yako yakiwa wazi. Watakuja kukusahihisha. Mmoja atasema ziwa la saa nne si buluu hiyo, mwingine atasema samaki wa sambaza wanang'aa zaidi, fundi mwashi atapitisha kidole kwenye ukuta uliouchora na kutikisa kichwa. Nyeusi weka ya kutosha, kwa maana hiyo ndiyo watakayokurudisha kuipaka upya mara nyingi zaidi.