Namna ya Kugombea Urais kwa Siku Arobaini

Mwongozo huu ni wa kada wa Chama Cha Mapinduzi ambaye mwaka 2030 atachukua fomu ya kuomba ateuliwe kugombea urais, na ambaye jina lake halitarudi. Yule atakayerudi ana washauri tele. Wewe utakayekatwa huna wa kukushauri, na sisi watu wa Ujiji, Kigoma, tunakuhitaji kuliko unavyodhani.

Anza kwa kujua muda ulio nao. Mwaka 2015 dirisha la fomu lilifunguliwa Juni 3 na kufungwa Julai 2. Ilipofika Julai 12 Mkutano Mkuu pale Dodoma ulikuwa umemaliza kazi. Siku 40 basi. Makada 42 walichukua fomu, 38 wakazirudisha. Kamati Kuu ikabakiza watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikawapunguza hadi watatu, na kwenye Mkutano Mkuu Magufuli akapata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Hao wengine 33 waliishia mlangoni. Usijidanganye kwamba utakuwa miongoni mwa watano. Panga safari yako ukijua inaishia wapi, kisha uifanye kwa moyo wote, kama wavuvi wetu wa dagaa wanaojua kuwa giza la mwezi halidumu na ndiyo maana wanawahi kuwasha taa.

Fomu ya 2015 ilikuwa shilingi milioni moja. Lipa kwa fedha yako. Ukilipiwa na mfanyabiashara, zile siku 40 ni zake, na atazidai hata baada ya jina lako kutupwa.

Usianze mapema pia. Februari 2014 chama kiliwapa onyo makada sita kwa kuanza kampeni kabla ya wakati, nao ni Edward Lowassa, Frederick Sumaye, Membe, Stephen Wasira, Makamba na William Ngeleja. Kanuni ile ina maana yake. Kampeni ya miaka mitatu ya chini kwa chini huendeshwa kwa bahasha. Ya siku 40 inaweza kuendeshwa kwa hoja, kama una hoja.

Sasa tuje kwenye wadhamini, maana hapa ndipo watia nia wengi wanapotukosa. Masharti ya 2015 yalitaka wadhamini 450 kutoka mikoa 15, angalau mitatu ikiwa ya Zanzibar. Ukigawa sawasawa ni watu 30 kila mkoa. Bara wakati ule ilikuwa na mikoa 25, na mtu akihitaji 12 tu anaweza kuiruka 13 bila kuvunja kanuni yoyote. Mtia nia mwenye haraka hufuata mikoa yenye ndege nyingi na lami ndefu. Kigoma iko mwisho wa reli. Ni rahisi kuturuka, na wengi huturuka wakitumaini kuja baadaye, wakiwa wagombea kamili, na jukwaa na wasanii.

Usituruke. Njoo wakati bado unaomba. Mtu anayeomba husikiliza. Aliyekwishateuliwa huja kuhutubia.

Ukifika, zoezi lenyewe ni dogo. Ni meza moja katika ofisi ya chama, katibu mmoja, na fomu yenye mistari ya jina, namba ya kadi na sahihi. Mama wa makamo kutoka Ujiji atafika na kadi yake ya uanachama ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na kadi ya mpiga kura na risiti za ada. Ataifungua taratibu. Katibu atanakili namba, mama atatia sahihi, na kwa kawaida msaidizi wako atakuwa tayari anaita jina la pili kwa sababu mnawahi Tabora. Msimamishe msaidizi. Mpe mama kiti. Muulize anafanya kazi gani, biashara inaendaje, watoto wako wapi. Usimpe fedha ya soda. Amekuja kukudhamini, hakuja kununuliwa, na ukimpa atajua umemwona wa bei gani.

Kisha toka ofisini. Usiishie kwenye makumbusho ya Livingstone kupiga picha kwenye kumbukumbu ya kukutana kwake na Stanley mwaka 1871. Pita hapo ukipenda, ni historia yetu pia, lakini endelea hadi majini. Nenda Kibirizi asubuhi, maboti ya abiria yanapopakia kwenda vijiji vya mwambao. Utaona magunia, madumu ya mawese, magodoro, kuku, na mama mjamzito anayepandishwa kwa kushikwa mkono na mabaharia wawili kwa sababu boti limekaa mbali kidogo na mchanga. Simama uangalie mpaka boti liondoke. Baada ya hapo utazungumzia usafiri wa ziwani kama mtu aliyeuona.

Watu watakuuliza habari za meli, kwa sababu iko miambao ambayo barabara haijaifikia. Watakuuliza habari za ziwa kufungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaane. Sababu yake inaeleweka, na wavuvi wenyewe walishaona mavuno yakipungua. Swali lao ni jingine: mwanamke anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika, akawauza wakavu sokoni, aishi na nini miezi mitatu? Kama huna jibu, sema huna, andika swali hilo kwenye daftari, na ulipeleke Dodoma. Hiyo peke yake inatosha kuifanya kampeni yako kuwa na faida.

Nieleze kwa nini tunalisisitiza hili sisi wa huku.

Aprili 25, 2015, ng'ambo ya mpaka wetu, chama tawala cha Burundi, CNDD-FDD, kilimtangaza Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Ndani ya chama hicho walikuwapo waliopinga, wakasema muda wake umekwisha. Wakafukuzwa, baadhi wakakimbia nchi. Mei 13 jaribio la mapinduzi likafanyika na kushindwa. Tayari makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka kuingia Kagunga, kijiji kidogo cha kwetu kilichobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikazuka, kikaua. MV Liemba, meli iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 na Wajerumani, ikawa inakwenda Kagunga na kurudi, ikishusha wakimbizi Kigoma. Wakapumzishwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Wiki chache baadaye, mkoa huohuo ukasikia kuwa makada zaidi ya 40 wa chama chetu tawala wanachukua fomu Dodoma. Nchi nzima ilicheka. Magazeti yalichora katuni. Hapa kwetu kicheko hakikuwa kirefu. Tulikuwa tumeona, kwa macho, chama tawala kinapokataa kubadili mtu kinavyojaza uwanja wa mpira wanawake waliobeba watoto na sufuria. Upande wa pili wa ziwa pia, muhula wa Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016 na Wakongo wakapiga kura Desemba 2018. Kwa hiyo wingi wa watia nia, pamoja na vituko vyake vyote, ulikuwa kwetu ni dalili ya afya. Ilikuwa nafuu kubwa kuona mtu mmoja anamaliza muda wake na arobaini wanagombania nafasi yake kwa karatasi.

Basi usione haya kuwa mmoja wa arobaini.

Kuhusu hotuba, chagua jambo moja. Lowassa alijaza Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mei 30, 2015, akaiita safari yake ya matumaini. Makongoro Nyerere alitangazia nia Butiama. Makamba alikuja na kitabu kizima cha mazungumzo. Magufuli hakufanya hata mkutano wa kutangaza nia, alichukua fomu na kuondoka. Wewe huna uwanja wala ukimya wa mtu mwenye uhakika. Una dakika zako na waandishi wa habari nje ya ofisi. Anayesema kilimo, elimu, afya, viwanda, vijana na michezo kwa pumzi moja hakuna atakayemkumbuka. Sema jambo moja unalolijua kuliko wenzako 39, litaje kwa takwimu zake, ueleze litagharimu kiasi gani na fedha itatoka wapi. Ukikatwa, jambo hilo litabaki mezani na mwingine anaweza kulichukua. Hiyo ndiyo sehemu ya kampeni isiyoweza kukatwa na kamati yoyote.

Usimtukane mwenzako. Baada ya siku 40 mtakutana kwenye kikao kilekile.

Usiku wa Dodoma utakuwa mgumu. Simu yako, iliyokuwa hailali, itanyamaza saa chache kabla ya tangazo, na hapo utakuwa umekwishajua. Julai 2015 Lowassa hakufika hata tano bora, na wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba ukumbini, mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete, kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka wakawaambia waandishi kuwa wanajitenga na uamuzi ule. Fanya kama hao watatu ukiona haki imepindishwa: sema hadharani, kwa jina lako, kwa sauti ya kawaida. Mwaka 2017 chama kiliamua mashauri yao kwa namna tofauti, Simba akafukuzwa uanachama, Nchimbi akapewa onyo, Kimbisa akasamehewa. Leo Nchimbi ni Makamu wa Rais. Kusema hakukumuua kisiasa.

Kukatwa nako hakuui. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, akashindwa na Benjamin Mkapa katika ya pili kwa kura 639 dhidi ya 686. Miaka kumi baadaye akashinda. Katika orodha ya walioshindwa 2015, Wasira alichaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara Januari 2025, Migiro akawa Katibu Mkuu Agosti mwaka huohuo, na Mwigulu Nchemba akawa Waziri Mkuu Novemba.

Kuhama ni haki yako. Lowassa alikwenda Chadema Julai 28, 2015, akapata kura 6,072,848, kisha akarejea CCM mwaka 2019. Luhaga Mpina, naye wa orodha ya 2015, alihamia ACT-Wazalendo Agosti 2025, Tume ya uchaguzi ikamwondoa, Mahakama Kuu ikamrudisha, Tume ikamwondoa tena. Siwalaumu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuvaa rangi nyingine uwaambie waliotia sahihi kwenye fomu yako. Hapa Kigoma Ujiji hawatashangaa, manispaa hii ilichukuliwa na ACT-Wazalendo mwaka 2015 na watu wamezoea ndugu wawili wa nyumba moja kuwa na kadi tofauti. Watakachokasirikia ni kukusikia redioni.

Yote haya yanahitaji dirisha liwepo. Mwaka 2020 fomu ya urais wa Muungano ndani ya CCM ilichukuliwa na mtu mmoja. Membe, aliyeonekana kuitaka, alikuwa amefukuzwa uanachama Februari. Zanzibar mwaka huohuo zaidi ya watu 30 walichukua fomu, na chama hakikuvunjika. Januari 19, 2025, Mkutano Mkuu Maalumu uliokuwa umeitwa kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti ulipitisha pia wagombea urais, miezi tisa kabla ya uchaguzi. Philip Mpango, Makamu wa Rais wa wakati huo na mwana wa Buhigwe hapa kwetu, akawa ameomba kupumzika na nafasi ya mgombea mwenza ikaenda kwa Nchimbi. Hakuna aliyepita mikoani na fomu. Yule mama wa Ujiji hakuitwa mezani. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, ikaishia kwa maandamano, vifo na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam. Sidai kwamba fomu arobaini zingezuia hayo. Nasema kwamba watu wasiosikilizwa ndani ya chama, wala kwenye sanduku, hutafuta mahali pengine pa kusemea.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kuanzia sasa, ni kudai ratiba ya 2030 itangazwe mapema: tarehe ya kuchukua fomu, tarehe ya kurudisha, vigezo vya mchujo. Dai pia kila anayekatwa apewe sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 wengi waliondoka Dodoma bila kujua walikosea nini, na wadhamini wao hawakujua pia.

Ukishakatwa, usirudi moja kwa moja Dar es Salaam. Kutoka Dodoma panda treni ya Kigoma kupitia Tabora. Waite wale 30, wasomee sababu ulizopewa, waachie nakala ya hoja yako, na uwaambie nani kati ya wale watano ameahidi kuibeba. Ratiba ya maboti ya Kibirizi watakupa wao, maana bado hujafika Kagunga.